Mashine ya Cheche na Matangazo ya Saa Saba

Nimefundisha fizikia katika shule za kata kwa miaka kumi na minne, na karibu miaka yote hiyo nilifundisha mawimbi ya redio kwa kuchora. Nilichora mstari uliopindapinda ubaoni, nikaandika urefu wa wimbi hapa na kimo chake pale, wanafunzi wakanakili, tukaendelea na mada nyingine. Mwaka jana mwezi wa Mei, katika shule ninayofundisha sasa kule Kihanga, msichana mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono wakati nimeshaanza kufuta ubao.

"Madam, wewe umewahi kuyaona?"

"Kuyaona nini?"

"Hayo mawimbi."

Nikamwambia mawimbi ya redio hayaonekani kwa macho. Hakukaa. Alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya dawati, akifikiri.

"Basi walijuaje kwamba yapo, wakati redio zenyewe hazijatengenezwa?"

Nilimjibu kwamba walijua kwa majaribio. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hajawahi kulifanya jaribio lenyewe, na nadhani alilitambua hilo, maana alikaa bila kuandika chochote. Kengele ikanisaidia.

Jioni ile nilisoma kila nilichoweza kupata kwenye simu yangu. Niligundua kwamba jibu la swali lake ni cheche. Watu wa kwanza kutengeneza mawimbi ya redio hawakuwa na vipuri vya kisasa wala mitambo mikubwa. Walikuwa na koili ya nyaya, betri, na vipande viwili vya chuma vilivyoachana kidogo. Umeme wa koili ukiwa mkali wa kutosha, unaruka ule mwanya kutoka chuma kimoja kwenda cha pili, na kila unaporuka unayumba huku na huko mara nyingi mno kwa sekunde moja. Kule kuyumba ndiko kunakotupa mawimbi hewani. Baadaye mashine za namna hiyo zikawekwa kwenye meli, mabaharia wakawa wanatumiana habari kwa mlio mfupi na mlio mrefu, kabla hajatokea mtu yeyote aliyesikia sauti ya binadamu kwenye redio.

Nikasema moyoni: hii naweza kuitengeneza.

Naishi Ihanda kwa mama yangu. Baba alipofariki nilihamia kwake ili asikae peke yake, na kila siku ya shule naenda Kihanga kwa bodaboda na kurudi. Mama ana kibanja cha migomba na kahawa ambacho kwa umri wake ni kikubwa, lakini hakubali kusikia neno la kukipunguza. Likizo ya Juni ilipoanza, kahawa zilikuwa zimeiva, na nilikuwa na wiki nne za kumsaidia kuvuna asubuhi na kufanya mambo yangu mchana.

Siku ya kwanza ya likizo nilikwenda Omurushaka kwa fundi mmoja wa magari na pikipiki. Ni mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka Tanga, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko chetu sisi tunaochanganya na Kinyambo. Nilimkuta amechutama mbele ya injini iliyofunguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Pikipiki ya nani imekufa leo?"

"Sina pikipiki. Natafuta koili ya gari la zamani, lile la kukata umeme kwa platini."

"Gari lenyewe liko wapi?"

"Hakuna gari."

Akajifuta mikono kwa kitambaa na kunitazama vizuri. Nilimweleza ninachotaka kufanya. Hakucheka. Aliingia ndani, nikamsikia akisogeza vyuma, akatoka na koili nyeusi yenye vumbi, kondensa yake ya kuhifadhi umeme, na rilei ndogo ya honi.

"Platini itakutaka uwe na kitu cha kuizungusha," alisema. "Chukua rilei. Utaiunga ijikate yenyewe na kujirudisha, ilie kama nyuki. Itaipiga koili, na koili itatoa moto. Ila usiiguse, mama, itakutupa chini."

Kisha akaniambia jambo lililonifurahisha sana. Zamani, alisema, gari la platini lilipokuwa likija kutoka upande wa Kyerwa, redio zote za madukani pale Omurushaka zilianza kukwaruza. Wenye maduka walijua gari linakuja kabla hawajaliona.

"Ndicho ninachokitaka," nikamwambia.

"Kukwaruza redio za watu?"

"Wanafunzi waone kwamba kuna kitu kinatoka kwenye cheche kinakwenda mpaka kwenye redio, bila waya."

"Haya," alisema, akarudi kwenye injini yake.

Nilifanyia kazi katika jiko la zamani nyuma ya nyumba, ambalo tulikuwa tumeacha kulipikia. Nilichukua ubao, nikaifunga koili kwa vipande vya mpira, nikapigilia bolti mbili za shaba zinazotazamana, moja ikiwa na nati ya kuisogeza mbele na nyuma. Betri niliazima ile ya sola yetu. Kutoka kwenye bolti moja nilivuta waya mrefu wa shaba hadi juu ya mti wa mgrevilia ulio mpakani, na kutoka kwenye nyingine waya mfupi hadi kwenye nondo niliyoizamisha ardhini. Siku mbili hazikutoka cheche. Rilei ililia mara moja na kunyamaza, au ililia nayo koili isifanye lolote. Siku ya tatu nikagundua kwamba nilikuwa nimeunga ile kondensa mahali pasipofaa.

Ilikuwa Jumatano, mchana. Nilisogeza bolti zikakaribiana kama unene wa sarafu, nikaunga betri. Rilei ikalia, na katikati ya bolti zile ikasimama cheche nyembamba ya buluu, ikitetemeka, na harufu kama ya hewa iliyopigwa radi ikajaa jikoni. Nilikaa nikiitazama. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na nilijisikia kama mtoto aliyewasha kiberiti kwa mara ya kwanza.

Mama alikuwa uani akigeuza kahawa kwenye turubai. Redio yake ndogo ilining'inia kwenye nguzo ya baraza, mahali inaponing'inia siku zote. Nilimsikia akiniita kwa sauti ya kawaida.

"Redio inakwaruza."

Nilitoka mbio. Kweli ilikuwa inakwaruza. Sauti ya mtangazaji ilikuwa imefunikwa kabisa na mlio wa kukatakata, kama mahindi yanayokaangwa. Nilirudi jikoni nikakata umeme: mtangazaji akasikika. Nikaunga tena: akapotea. Nikakata: akarudi. Mama alikuwa ameinua mkono kuifikia redio aizime.

"Mama, usiizime. Tafadhali. Iache hapo hapo."

"Ni saa saba," alisema. "Ni matangazo ya vifo."

"Dakika chache tu."

Lazima nieleze kwamba huku kwetu matangazo ya vifo ni kama barua. Simu zimeenea, lakini familia iliyofiwa haiwezi kumkumbuka kila mtu, na wazee wengi wana simu ndogo za kitochi zinazoishiwa chaji. Hivyo jina la marehemu husomwa redioni, yanatajwa majina ya watoto wake na wakwe zake na mahali atakapozikwa, na kila mwenye undugu naye anasikia popote alipo. Mama hakuwahi kuyakosa. Saa saba alikuwa anaacha kazi yoyote, hata kama ni ndizi ziko mkononi nusu zimemenywa, asikilize mpaka mwisho.

Siku ile alinisubiri. Sikutumia dakika chache. Nilichukua penseli na daftari, nikawa napima: nikipanua mwanya wa cheche inakuwaje, nikiutoa waya wa juu inakuwaje, nikiisogeza redio hadi kwenye migomba inakuwaje. Mama aliibeba redio kila nilipomwambia aibebe. Tulipomaliza, matangazo yalikuwa yameisha na ulikuwa unapigwa muziki.

"Leo sijasikia hata jina moja," alisema.

"Kesho utasikia, mama."

Kesho yake, Alhamisi, nilifanya tena, saa ile ile, kwa sababu nilitaka kulinganisha vipimo vya siku mbili bila kubadili chochote. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi. Safari hii mama hakusema kitu. Aliibeba redio nilipomwambia, akaikalisha kwenye kiti chini ya migomba, akarudi kwenye kahawa zake.

Jumapili tulikwenda kanisani. Baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje wakisalimiana, alikuja mama mmoja ambaye binti yake ameolewa Nkwenda, kule Kyerwa. Alimshika mama yangu mikono yote miwili.

"Pole sana kwa kuondokewa. Sikukuona kule, nikasema labda unaumwa."

"Nimeondokewa na nani?" mama akauliza.

Yule mama akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. Kisha akamtaja. Alikuwa rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana; walilala kitanda kimoja bwenini miaka waliyosoma shule ya misheni. Aliolewa Nkwenda, mama akaolewa Ihanda, na kwa miaka yote iliyofuata hawakuacha kutembeleana. Mimi nilimwita mama mkubwa. Alikuwa amefariki Jumanne, akazikwa Ijumaa.

"Walitangaza Jumatano na Alhamisi," alisema yule mama. "Redioni, mara zote mbili."

Mama alimshukuru. Akamuuliza habari za binti yake na wajukuu, akasikiliza majibu, akaaga. Njiani alitangulia, nami nikamfuata nyuma. Nilikuwa nimeshahesabu. Simu isingeweza kutuokoa, kwa sababu laini ya zamani ya mama ilikuwa imefungwa aliposhindwa kwenda kusajili kwa alama za vidole, na ile mpya hakuwa amempa mtu yeyote wa Nkwenda namba yake, wala yangu hawakuwa nayo. Alikuwa akisema atampa rafiki yake mwenyewe wakionana. Njia iliyobaki ilikuwa redio, na redio niliifunika mimi, siku zote mbili, saa ile ile, nikiandika vipimo.

Tulipofika nyumbani alibadili nguo, akakaa kwenye kigoda akaanza kumenya ndizi za chakula cha mchana. Nilisimama mlangoni.

"Mama, ni mimi. Ni ile mashine. Wewe ulikuwa unasikiliza na mimi ndiye niliyeifunika."

"Najua," alisema. Aliendelea kumenya. Baada ya ndizi mbili tatu akasema, "Ningeweza kwenda kusikiliza kwa jirani wa kule bondeni. Ningefika. Wewe uliniambia niibebe redio, nikaibeba."

Hakuipandisha sauti. Nilitamani aipandishe. Nilianza kusema kwamba sikujua, akanikatiza.

"Ungeniuliza tu. Ungeniuliza, ningekwambia chagua saa nyingine, saa zote za mchana ni zako. Hukuniuliza. Ulikuwa umefurahi."

Nilikaa chini pale kizingitini. Sikulia wakati ule. Nilichukua kisu kingine nikamsaidia kumenya, na hakunikataza.

"Kesho tutakwenda," alisema. "Utaeleza wewe."

Jumatatu asubuhi tulitoka mapema, tukachukua pikipiki mbili hadi Omurushaka, na pale tukapata gari la Nkwenda. Mama alivaa kitenge cheusi na kubeba kapu lenye kahawa kavu na mkungu mdogo wa ndizi. Alikaa dirishani. Kuna mahali barabara inapanda mlima na unaona mabonde ya Kyerwa yote yamelala mbele yako, na siku zote tukipita pale huwa ananionyesha kitu, shamba la fulani, nyumba mpya ya mtu. Safari hii alitazama tu.

Nyumbani kwa marehemu matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Viti vya kuazima vilikuwa vimerundikwa ukutani vikisubiri kurudishwa, na majivu ya moto wa waombolezaji yalikuwa bado uani. Binti mkubwa wa marehemu alitoka kutupokea. Ni muuguzi katika zahanati, mwanamke wa rika langu, tuliyecheza naye tukiwa wadogo kila mama zetu walipotembeleana.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama yangu. Mikono yake ilibaki mbele ya kanga yake, wala hakuja kumkumbatia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa."

Tukakaribishwa ndani. Tulikaa kwenye makochi, tukaletewa chai. Mume wa marehemu, mzee ambaye sasa haoni vizuri, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na alitusalimu kwa upole kama zamani. Ni binti ndiye aliyekuwa na neno, na alilisema baada ya chai kumiminwa.

"Tulikusubiri, mama. Tulikusubiri mpaka saa nne asubuhi ya mazishi. Wanawake wa kumwosha walikuwa wamekaa na maji ya uvuguvugu yamekuwa ya baridi, yakapashwa tena, yakapoa tena. Mimi ndiye niliyezuia asioshwe. Niliwaambia kuna mtu anakuja, waliahidiana."

Hapo ndipo nilipojua. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Tuliahidiana," alisema. "Mwaka ule niliolazwa hospitali. Atakayebaki amwoshe mwenzake."

Nikaona zamu yangu imefika, na nikijiachia nitaondoka pale bila kusema. Niliweka kikombe chini. Nikawaeleza yote, tangu swali la yule msichana darasani. Nilieleza koili na cheche, na waya kwenye mgrevilia, na kwamba mama alitaka kuizima redio nikamzuia. Nilisema siku ya kwanza, nikasema na siku ya pili. Nilikuwa naona aibu hasa nilipofika ile siku ya pili, kwa sababu ya kwanza mtu angeweza kuiita bahati mbaya.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Kazi yake imemzoesha kusikiliza watu.

"Kwa hiyo hiyo mashine yako," aliuliza, "ilikuwa inasema nini?"

"Haisemi kitu. Ni kelele tu."

"Kelele tu."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kunilaani, ila kama mtu anayejaribu kulielewa jambo na linamkatalia. Yule mzee kwenye kiti akakohoa. Akasema kwa Kinyambo, taratibu, kwamba mke wake naye alikuwa na tabia ya kumshika mtu akimwonyesha kitu kipya, asimwachie mpaka akitazame. Kwamba aliponunua cherehani alimkalisha yeye mumewe saa nzima amtazame akishona mto. Mama yangu akasema, "Kweli. Na mimi alinikalisha." Hapo kidogo hewa ilipungua uzito mle ndani.

Binti alisimama. Akamwambia mama, "Nguo zake bado hatujazifua. Kanga zake, na blanketi alilokuwa amejifunika hospitalini. Nilikuwa nifue leo."

"Nitazifua mimi," mama akasema.

"Ndivyo nilivyofikiri."

Nyumba ile ina bomba uani lakini siku ile halikuwa na maji, kwa hiyo nilikwenda kisimani bondeni na ndoo mbili, nikarudi, nikaenda tena. Nilikwenda mara sita. Mama alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na beseni kubwa, akafua kitu kimoja kimoja. Kwanza kanga, akaisugua pindo kwa pindo, akaisuuza maji mawili, akaikamua na kumpa binti aianike. Kisha nyingine. Blanketi lilikuwa zito likimwagika maji, tukalishika watatu kulikamua, mama upande mmoja na sisi wawili upande mwingine, tukilizungusha. Hakuna aliyezungumza juu ya mashine tena. Mama alikuwa akisema juu ya kila nguo alivyoijua: hii alinunua Bukoba tulipokwenda pamoja, hii alipewa harusini, hii nilimpa mimi. Alipofika kwenye ile aliyompa yeye alisimamisha mikono ndani ya maji, akakaa hivyo, machozi yakimshuka bila sauti. Binti alichuchumaa karibu naye akamwekea mkono mgongoni. Mimi nilichukua ndoo nikaenda kisimani, ingawa maji yaliyokuwapo yalitosha.

Tulilala kule usiku mmoja. Asubuhi kabla ya kuondoka mama alikwenda kaburini na yule mzee, akimwongoza kwa mkono, nasi tuliwaacha peke yao. Binti aliandika namba mpya ya mama kwenye simu yake, akaandika na yangu, akazipigia mbele yetu kuhakikisha zinaita.

Tulipopita Omurushaka niliingia kwa fundi, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi habari. Mama alisubiri nje ameketi kwenye benchi. Nilimwambia mashine ilifanya kazi, na nikamwambia ilifanya nini. Aliweka spana chini.

"Innalillahi," alisema. Akatoka nje akampa mama pole kwa heshima zote, kama vile msiba ni wa nyumbani kwake.

Siku hiyo hiyo niliushusha waya kutoka kwenye mgrevilia. Nilipokuwa nikiuzungusha kwenye kiganja nilikumbuka sentensi moja niliyoisoma mwezi wa Mei na kuipita haraka. Ilisema kwamba mashine za cheche hatimaye zilipigwa marufuku, kwa sababu mawimbi yake hayakai mahali pamoja. Kituo cha redio cha leo kina sehemu yake moja kwenye mshale wa redio. Cheche inamwagika kwenye sehemu zote kwa mara moja, na mashine moja ikizungumza, kila aliye karibu hasikii tena mwingine. Zilikuwako meli zilizoshindwa kusikilizana kwa sababu hiyo. Niliisoma sentensi ile nikaiona ni habari ya bahari na ya watu wa zamani.

Mama hakunichukia. Lakini sitasema kwamba mambo yalirudi kama yalivyokuwa wiki ileile. Kwa siku kadhaa alinijibu kwa maneno machache, na saa saba ilipokaribia aliichukua redio yake akaenda nayo kwa jirani wa bondeni, hata baada ya kuniona nimeifungua mashine yote na kuiweka kwenye boksi. Sikumwambia kwamba hakuna haja. Siku moja, nadhani ilikuwa wiki ya pili, saa saba ilifika akabaki uani, akaining'iniza redio kwenye nguzo, akaniambia nisogeze turubai kivulini. Tulisikiliza pamoja mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nami nimekuwa msikilizaji.

Shule ilipofunguliwa niliwaza kuiacha ile mada ipite kwa kuchora, kama miaka yote. Nilimweleza mkuu wa shule yaliyotokea, akaniambia nifundishe, ila nipange vizuri. Basi nilipanga. Sikuweka waya wa juu. Nilifanya ndani ya darasa, saa tatu asubuhi, baada ya kuwauliza majirani wa shule nani ana redio na anasikiliza nini saa hizo, nao wakanishangaa kwa swali lile. Kwa upande wa kipokezi sikutumia redio. Nilichukua ganda la kalamu ya biro, nikatia ndani yake unga wa chuma niliousugua kwa tupa kutoka kwenye msumari, nikaziba kila upande kwa bolti, nikaliunga na betri ndogo na taa ya LED. Unga ule ukiwa umelala ovyo umeme haupiti vizuri. Mawimbi yakiufikia unashikamana, umeme unapita, taa inawaka.

Niliiweka cheche mezani kwangu na ile kalamu kwenye dawati, hatua nne mbali, hakuna waya kati yake. Nikaunga. Cheche ililia kidogo tu, na kule kwenye dawati taa nyekundu ikawaka, nikakata cheche na taa ikabaki inawaka. Nikamwambia yule msichana aliyeuliza aigonge kalamu kwa kidole. Akaigonga, unga ukatawanyika, taa ikazimika.

"Sasa umeyaona," nikamwambia.

Alifikiri. "Nimeona yalipofika," alisema.

Nilimpa haki yake, maana alisema sahihi kuliko mimi. Akaomba turudie. Tulirudia mara tatu, kila safari mwanafunzi mwingine akigonga. Kisha niliwasimulia kwa nini mashine ile haitumiki tena popote. Niliwasimulia habari ya meli, na baada ya kusitasita niliwasimulia na habari ya Jumatano na Alhamisi, bila kumtaja mtu. Kijana mmoja nyuma aliuliza kama yule mama alisamehe. Nilimwambia sijui kama hilo ndilo neno lake, ila sasa tunakula pamoja na kuzungumza kama zamani.

Mwezi wa Novemba mvua zilipokolea, binti wa Nkwenda alikuja Ihanda kututembelea. Hakuwa amefika kwetu tangu tukiwa wasichana. Alikuja na ndoo aliyoifunga kwa kanga, imejaa senene, wale panzi wa kuliwa, bado wanarukaruka ndani, na mama alifurahi mpaka akasahau kumkaribisha kiti. Walikaa barazani wakinyonyoa mbawa na miguu, mikono yao ikienda haraka, na mimi nilikuwa mezani ndani nikisahihisha mitihani ya kidato cha kwanza. Walikuwa wakizungumza Kinyambo. Mama alikuwa akimsimulia binti jinsi mama yake alivyokuwa msichana, jinsi alivyokuwa mwoga wa bata wa misheni na kumtanguliza rafiki yake kila walipopita bwawani. Binti alicheka mpaka akaomba asubiriwe apumue. Nilisahihisha karatasi mbili zaidi, kisha nikaweka kalamu chini, nikatoka nikawasaidia kunyonyoa.